Kuzunguka na Kuzungusha: Kiswahili cha Kuelekeza Kamera katika Sinema za Molekuli

Sinema za molekuli zinazotumiwa kufundishia kemia na biolojia huanza takriban zote kwa namna moja. Umbo la rangi hutokea katikati ya kioo cheusi, likageuka polepole, likakaribia, kisha upande wake mmoja ukafunguka ili ndani kuonekane. Mwanafunzi huelezwa kwamba molekuli "inazunguka". Lakini katika nyingi ya sinema hizo molekuli haikuzunguka hata kidogo. Atomu zake zote zimebaki pale pale zilipopimwa, na kilichohama ni kamera, yaani jicho la kubuni ambalo mtengenezaji wa sinema ameliweka mahali fulani na kulipitisha njia fulani. Mhadhara huu unahusu namna Kiswahili kinavyoweza kuyatenganisha mambo hayo mawili. Unachukua mifano yake kutoka Kibaha na Kisarawe, wilaya mbili za Mkoa wa Pwani ambazo kila moja ina kitu chake cha kutazamwa.

Huko Kisarawe kipo kaolini, udongo mweupe wa vilima vya Pugu unaojulikana kwa watengenezaji wa vyungu, karatasi na rangi. Kibaha nako kipo kiwanda cha viuadudu vya kibiolojia, kilichojengwa kwa ushirikiano wa Tanzania na Kuba, ambacho huzalisha bakteria wa kuua viluwiluwi vya mbu. Mmoja wa bakteria hao ni yule anayeitwa kitaalamu Lysinibacillus sphaericus, ambaye katika vitabu vya zamani alikuwa akiwekwa katika jenasi ya Bacillus. Sumu yake imeundwa na protini mbili, BinA na BinB, zinazojipanga pamoja kuwa fuwele ndogo mno ndani ya bakteria mwenyewe. Muundo wa fuwele hiyo ulitangazwa mwaka 2016, baada ya kupimwa kwa leza ya eksirei huko California.

Vitu hivi viwili vinafaa kutazamwa pamoja kwa sababu vinaidai kamera mambo tofauti. Kaolini, ambayo kwa mwanakemia si molekuli hasa bali ni fuwele isiyo na mwisho dhahiri, imejengwa kwa matabaka. Kila tabaka lina unene wa kama nanomita 0.7, na ndani yake mna bango la silika lililogandana na bango la alumini. Ukiitazama kutoka ubavuni, utaona matabaka yamelaliana kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Ukiitazama kutoka upande wa silika, kurasa hutoweka na badala yake huonekana pete za pembe sita zilizoungana kama ukili wa mkeka. Picha hizo mbili hazifanani hata kidogo, na asiyeambiwa kwamba ni kitu kimoja hawezi kukisia. Protini za Kibaha, kwa upande wao, hazina ubavu wala uso. Ni fundo la mnyororo uliojikunja, na kila pembe ya kutazamia huonyesha kitu na kuficha kingine. Katika kaolini kamera inatakiwa kusimama mahali pawili tu pa maana. Katika protini haina mahali pa asili pa kusimama, kwa hiyo mtengenezaji hana budi kuchagua, na uchaguzi wake ni hoja.

Zamani utata huu haukuwapo. John Kendrew na wenzake huko Cambridge, walipoupata muundo wa mayoglobini mwishoni mwa miaka ya 1950, walijenga kielelezo cha fito na nyaya kilichojaa sehemu ya chumba. Aliyetaka kuona upande wa pili aliinuka akakizunguka kwa miguu yake. Hakuna aliyedhani kuwa kielelezo ndicho kilichohama. Katikati ya miaka ya 1960 Cyrus Levinthal, akiwa katika taasisi ya MIT huko Marekani, alionyesha molekuli kwenye kioo cha kompyuta na kuzigeuza kwa kifaa cha mviringo kilichoshikwa kwa mkono. Tangu hapo mtazamaji amekaa kitini, na kinachosogea mbele yake ni picha. Jicho haliwezi kujua kama ni kitu kilichogeuka au ni mtazamaji aliyekizunguka, kwani picha itokanayo na mambo hayo mawili ni ile ile. Kazi ya kuyatenganisha imeachiwa maneno.

Hapa ndipo kitenzi cha Kiswahili kinapoingia. *Zunguka* ni kitenzi chenye pande mbili. Pia inazunguka, maana yake inajipinda juu ya mhimili wake bila kuhama. Mlinzi anazunguka nyumba, maana yake anahama na nyumba imetulia. Kitenzi ni kimoja na mwendo ni miwili, na kinachoipambanua ni kuwapo au kutokuwapo kwa yambwa. Kwa sababu hiyo tungo "protini inazunguka" ina maana moja tu, ile ya pia, nayo kwa kawaida si kweli. Tungo "kamera inaizunguka protini" ina maana ya mlinzi, na kiambishi *-i-* cha yambwa kinahakikisha kwamba protini imetulia. Ukiongeza kauli ya kutendesha, mambo hubadilika tena: "kamera inaizungusha protini" ingedai kwamba kamera inaisukuma protini na kuifanya ijipinde, jambo lisilowezekana. Konsonanti moja inatenganisha taarifa ya kweli na ya uongo.

Utofauti huo si wa wanaisimu peke yao. Programu ya PyMOL, iliyotolewa na Warren DeLano mwaka 2000 na ambayo ni miongoni mwa zinazotumiwa zaidi katika kazi hii, ina amri mbili ambazo mwanagenzi huona zinafanya jambo lile lile. Ya kwanza huizungusha kamera kuuzunguka kiini cha picha. Ya pili huyabadili majiranukta ya atomu zenyewe. Molekuli ikiwa moja kiooni, matokeo yanaweza kufanana kabisa. Zikiwa mbili, siri hufichuka. Mtu akiielekeza amri ya pili kwa BinA peke yake, BinA itageuka na kuigonga BinB, atomu za moja zikapita ndani ya atomu za nyingine. Akihifadhi faili lake hapo, atakuwa amehifadhi protini ambayo haipo duniani. Akitumia amri ya kwanza, protini zote mbili zitaonekana kugeuka kwa pamoja, umbali kati yake ukabaki ule ule uliopimwa. Majina ya Kiingereza ya amri hizo yanakaribiana sana kwa maana, na hayamsaidii anayeanza. Mwalimu anayesema kwa Kiswahili "mzunguke" kwa amri ya kwanza na "mzungushe" kwa ya pili ameshamaliza nusu ya somo.

Jambo la pili ni njeo. Kiswahili kina *-na-* kwa jambo linalotendeka mbele ya macho, na *hu-* kwa mazoea na tabia ya kitu. Maelezo ya sayansi hupenda *hu-*: maji huchemka, chuma hupanuka, damu husafirisha oksijeni. Mwandishi wa maelezo ya sinema anapoandika "protini hugeuka na kufunguka", *hu-* yake imeihamisha safari ya kamera na kuiweka katika maumbile. Msomaji ana haki ya kuelewa kwamba ndivyo protini zifanyavyo ndani ya utumbo wa kiluwiluwi. Ipo miendo ya kweli inayostahili *hu-*. Fuwele ya BinA na BinB ikimezwa huyeyuka kwa ukali wa alkali uliomo tumboni. Vimeng'enya huikata vipande vyake vya pembeni. BinB hushika kipokezi kwenye ukuta wa utumbo, nayo BinA huingia selini na kuua. Hizo ni tabia za sumu, na zimethibitishwa. Kugeuka kwa nyuzi 90 katika sekunde ya nne ya sinema si tabia yake. Hilo linastahili *-na-*, na mtendaji wake awe kamera.

Zipo pia namna mbili za kulifanya umbo lionekane kubwa, na katika maelezo mengi zote mbili huitwa *kukuza*. Namna moja ni kuipunguza pembe ya mwono, kamera ikiwa imesimama, kama afanyavyo mpiga picha anayezungusha lenzi. Nyingine ni kuipeleka kamera karibu. Matokeo hayalingani. Kamera inapokwenda karibu, atomu za mbele hukua upesi kuliko za nyuma na kina hujitokeza. Pembe inapopunguzwa tu, zote hukua kwa kiasi kimoja. Kiswahili kina neno la kila moja. *Kukuza* libaki kwa lenzi, na *kusogelea* lichukuliwe kwa mwendo, kwa kuwa kauli ya kutendea imebeba mhamaji na anakoelekea kwa pamoja. Kamera inaisogelea BinB, ikimaanisha kwamba BinB haijasogezwa.

Kwa kaolini ipo namna ya tatu, ambapo mwono wa kina huondolewa kabisa. Mtu asimamaye kando ya Reli ya Kati, iwe Pugu au Soga, huona pau mbili zikikaribiana kadiri zinavyokwenda mbali, ingawa anajua kwamba hazikaribiani. Hivyo ndivyo kamera ya kawaida ioneshavyo matabaka ya kaolini: ya nyuma yatabanana, na mwanafunzi anayepima kwa rula juu ya kioo atapata unene usio sahihi. Programu zote kubwa zina mwono sambamba ambao humfanya aliye mbali na aliye karibu waonekane kwa kipimo kimoja. Picha yake ni bapa na haivutii sana, lakini kwa kitu chenye matabaka yanayolingana ndiyo picha ya kweli zaidi. Kwa protini, mwono sambamba huchanganya, kwa kuwa jicho hukosa dalili ya kujua uzi upi umepita mbele ya upi.

Utajiri mkubwa wa Kiswahili katika mada hii, hata hivyo, umo katika mahali. Wanafunzi wa sarufi wanazifahamu *pa*, *ku* na *mu* kama ngeli za kukariri, na viambishi *-po*, *-ko* na *-mo* kama masalia yake katika vitenzi. Katika kuieleza sinema ya molekuli viambishi hivyo huwa vyombo vya kazi. Chukua mabaki fulani ya amino asidi yaliyo katika mfuko mdogo wa BinB. Mwanzoni, protini nzima ikiwa kiooni na mfuko haujabainika, mabaki hayo *yako* upande ule. Kamera imekwishausogelea mdomo wa mfuko, nayo *yapo* pale, mahali mahususi panapoweza kuoneshwa kwa kidole. Kisha bapa la mbele linapitishwa, lile bapa la kubuni linalofuta kila kilicho kati yake na kamera, na ukuta wa mfuko unakatika kama dafu lililofunguliwa. Sasa mabaki *yamo*. Mwendo wa kamera kutoka mbali hadi ndani unakwenda sambamba na *-ko*, *-po*, *-mo*, na msimulizi makini anaweza kuifuata kamera kwa viambishi tu, bila kulitaja neno kamera hata mara moja. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya siku hizi *-ko* imeenea na kuyafunika mengi ya *-po*. Hilo halipunguzi haki ya maandishi ya kitaaluma kuitumia tofauti ambayo lugha bado inayo.

Kinyume chake, *mbele* na *nyuma* ni maneno ya hatari. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro ataambiwa kwamba mbele ya Kibaha ni Mlandizi. Atokaye Morogoro ataambiwa kwamba mbele ya Kibaha ni Kibamba. Wote wawili wameambiwa kweli, kwa kuwa *mbele* hiyo inatokana na uso wa msafiri. Lakini mtu akisema kuna mwembe mbele ya shule, anamaanisha uso wa shule, palipo na mlango, na mwembe huo utabaki mbele hata kama msemaji amesimama uani. Iko na *mbele* ya tatu, ya kitu kisicho na uso: mpira uko mbele ya jiwe. Kwa wengi mpira uko kati ya msemaji na jiwe, lakini mtu aliye katika mwendo huweza kuuweka ng'ambo ya jiwe, kama Mlandizi ilivyo ng'ambo ya Kibaha. Protini haina uso, na kamera imo katika mwendo. Sentensi "BinA iko mbele ya BinB" ina maana zote hizo kwa wakati mmoja, na kamera ikifika upande wa pili itakuwa imepinduka. Kaolini ni afadhali, kwani tabaka lake lina uso wa oksijeni upande mmoja na uso wa haidroksili upande mwingine, kwa hiyo huweza kupewa *juu* na *chini* zisizobadilika, alimradi msimulizi atamke mapema upi ni upi. Kwa protini, dawa ni kuacha *mbele* na kusema *upande wa kamera* na *upande wa mbali na kamera*. Ni maneno marefu, lakini hayamdanganyi mtu.

*Kulia* na *kushoto* zina tatizo hilo, ila mna jambo moja ambalo kamera hailiwezi. Sehemu nyingi za protini hujikunja kwa umbo la helisi, kama hesi za parafujo, na helisi hizo za aina ya alfa ni za mkono wa kulia. Parafujo ya mkono wa kulia hubaki ya mkono wa kulia uitazame kutoka kichwani au kutoka nchani. Hakuna njia ya kamera, hata iwe ndefu vipi, itakayoifanya iwe ya kushoto. Ikionekana ya kushoto, basi picha imepinduliwa kama katika kioo cha kujitazamia, na ni kosa. Kwa hiyo msimulizi anapolitaja neno *kulia* anapaswa kuonyesha kama anataja upande wa kioo, ambao ni mali ya kamera, au mkono wa helisi, ambao ni mali ya molekuli.

Kazi ya istilahi za sayansi kwa Kiswahili ina historia ndefu. BAKITA liliundwa mwaka 1967, na mwaka 1990 TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi hiyo, kama zilivyo kazi za istilahi kwingineko, ilishughulika zaidi na nomino. Ilikuwa ni haki, kwa kuwa asiye na jina la kitu hawezi kuanza kukieleza. Lakini mwanafunzi wa sekondari wa Kibaha au wa Minaki, aliyesoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi na sasa anaisoma kwa Kiingereza, hashindwi hasa na neno *molekuli*. Kinachompita ni nani ametenda nini. Hapo nomino mpya haisaidii sana, na vitenzi vya zamani vinasaidia, kwa kuwa kauli zake za kutendea, kutendesha na kutendeka zinamlazimu msemaji amtaje mtendaji au amwache kwa makusudi.

Linabaki suala la njia. Msimamo wa kamera huhifadhiwa kama nambari. Katika PyMOL ni nambari 18, zikiwamo 9 za matriksi inayoeleza kamera imegeukia wapi. Mtengenezaji huhifadhi msimamo wa kwanza na wa mwisho, na kompyuta hujaza fremu za kati. Akiiamuru kompyuta iwianishe nambari za matriksi moja moja, matokeo huwa ya ajabu. Katika mgeuko wa nyuzi 180, matriksi ya katikati hupoteza vipimo viwili kati ya vitatu, na protini nzima hunywea ikawa mstari mmoja kabla ya kutanuka tena. Kwa sababu hiyo hutumiwa kwatenioni, nambari za sehemu nne alizozigundua William Rowan Hamilton huko Dublin mwaka 1843, na ambazo Ken Shoemake alizileta katika sinema za kompyuta mwaka 1985. Kwazo kamera hupita njia fupi kabisa juu ya tufe, kwa mwendo usiobadilika. Lakini katika nyuzi 180 kamili hakuna njia moja iliyo fupi kuliko nyingine. Kamera huweza kupita upande mmoja au ule wa kinyume chake, na kompyuta haina sababu ya kuchagua. Hapo mtengenezaji huweka fremu moja ya kati kwa mkono wake, kwenye nyuzi 90, na kwa kaolini fremu hiyo humletea ubavu wa kurasa bila jasho.

Ujazaji huo huo hutumiwa pia kwa atomu. BinA na BinB zimepimwa katika zaidi ya hali moja ya asidi na alkali, na sinema huweza kuanza na majiranukta ya hali moja na kuishia na ya nyingine. Fremu ya kwanza na ya mwisho ni vipimo. Zile za katikati, zikiwa 10 au 100, ni hesabu ya kompyuta, na hakuna aliyeziona atomu zikipita hapo. Kwenye kioo, mwendo huo wa kukisiwa huonekana laini na wa kuaminika kuliko vipimo vyenyewe. Manukuu ya chini ya picha yakiandikwa "sumu hufunguka hivi", yamedai zaidi ya yaliyopimwa. Yakiandikwa "sumu hufunguka, njia iliyochorwa hapa imekisiwa", yametosha, na kamera inaweza kuendelea kuizunguka.